Taa ya Mashine na Kofia ya Debe

Taa iliyo juu ya nguzo ya mashine yangu ya kusaga niliiweka mwenyewe na sikumwomba mtu ruhusa. Naanzia hapo kwa sababu wengine wakisimulia habari hii huanzia kwenye nyota. Nyota zilikuwepo kabla yangu na zitakuwepo nikishazikwa. Taa ndiyo niliyoileta mimi.

Shule niliiacha darasa la tatu. Sikuwa mjinga. Mama aliugua, na samaki hawajibebi. Nilikuwa nafuata samaki wa kukaushwa kwa moshi kule bwawa la Nyumba ya Mungu, nadandia lori hadi Same, halafu kutoka Same napanda mlima kwa miguu, tenga kichwani, hadi kwenye gulio la huku juu. Bodaboda hazikuwepo. Lori likichelewa, giza linakukuta njiani, na njia yenyewe upande mmoja ni jiwe, upande mwingine ni korongo. Siku moja nilikanyaga hewa. Tenga likaenda lake, mimi nikadaka mzizi. Nikabaki pale nimekumbatia mti, nanuka perege, nikajiambia: nikipata kwangu nitaweka taa, ili anayepanda aone anapoweka mguu.

Nikapata. Sikurithi wala sikuolewa na tajiri. Samaki walizaa kibanda, kibanda kikazaa duka, duka likazaa mashine. Umeme ulipofika kijijini, wenzangu waliweka balbu sebuleni. Mimi niliweka taa kubwa, ya zile za kumulika viwanja vya mpira, nikaielekeza mbele kwenye njia ya kutokea bondeni, iwake yenyewe giza likiingia. Ukiwa Same mjini usiku ukainua macho mlimani, ulikuwa unaiona. Madereva wa mabasi ya barabara kuu waliijua. Konda mmoja aliwahi kumwonyesha abiria, bila kujua kwamba nimekaa nyuma yake: "Pale juu ni kwa yule bibi wa mashine." Nilitazama dirishani huku natabasamu kama mwali.

Basi, kiangazi cha mwaka jana alikuja mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Anasoma chuo kikuu, shahada ya pili, mambo ya anga. Alishuka kwenye gari la chuo pamoja na masanduku ambayo hakutaka mtu mwingine ayaguse.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekonda."

"Bibi, naomba ule uwanja wa nyuma ya mashine, niweke darubini."

"Weka."

"Na naomba usiku uwe unazima taa."

"Hiyo sahau."

Alicheka, akadhani natania. Nilimpa makande, akala, akanywa chai ya tangawizi, akaniuliza tena. Nikamjibu vilevile. Hapo akaacha kucheka.

Alinieleza mambo yake, na mimi nitayaeleza kama nilivyoyaelewa. Huko juu kuna vitu ambavyo havikai. Nyota tunazozijua zinawaka tu, leo na kesho. Lakini kuna vitu vinavyolipuka mara moja na kutoweka. Vingine vinaisha kabla hujapepesa jicho. Hivyo vinataka vifaa vikubwa ambavyo yeye hana. Alichokuwa anakitafuta yeye ni nyota ndogo nyekundu, ambazo huzioni kwa macho, na zina hasira. Nyota ya namna hiyo inakaa kimya muda mrefu, halafu ghafla inafoka, inang'aa dakika chache, inanyamaza. Ikifoka inatoa mwanga, na pia inatoa mawimbi kama ya redio. Kwa hiyo alikuwa na vifaa viwili. Darubini yenye kamera, hiyo ni jicho, ingekaa kwangu mlimani ambako hewa ni safi. Na dishi kubwa, hilo ni sikio, lingekaa kule chini tambarare, nyuma ya vilima vinavyolikinga na kelele za minara ya simu ya mjini.

"Kwa nini viwili?" nikamuuliza. "Kama jicho linaona, si linatosha?"

Akatazama redio yangu ya betri iliyo dirishani. "Bibi, radi ikipiga kule tambarare, redio inafanyaje?"

"Inakwaruza."

"Ikikwaruza na wewe hujaona umeme?"

"Basi ni kitu kingine. Labda ni mashine imewashwa. Labda ni pikipiki imepita."

"Na ukiona kitu kinamulika, redio isikwaruze?"

"Labda mtu ana tochi."

"Ndiyo kazi yangu hiyo. Sikio peke yake linadanganywa. Jicho peke yake linadanganywa, kuna ndege, kuna setilaiti zinazopita zinameremeta. Vikishuhudia vyote viwili, upande mmoja, wakati mmoja, hakuna wa kunibishia."

Nikamuuliza kwa nini sikio lisisikie kwanza halafu liliite jicho. Akasema hiyo inafanyika kwa mambo mengine, lakini kwa haya, jicho likishageuka, nyota yenyewe imeshamaliza kufoka. Hilo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Sisi Wapare tumekua na ndiva, yale mabwawa yetu ya kukusanyia maji ya kumwagilia. Zamu yako ikifika, mwenzako anafungua ndiva juu, na wewe huku chini mfereji wako uwe umeshafunguliwa na jembe uko nalo mkononi. Ukisubiri uitwe kwamba maji yamekuja, yameshaingia kwa jirani. Jicho lake lilikuwa limefungwa kwa kompyuta lilifuate dishi: dishi likigeukia upande fulani wa mbingu, darubini nayo inageukia huko huko, inakodoa.

Wiki mbili baadaye, vifaa vyote viwili vimeshasimama, alinijia amenuna. "Sasa shida ni nini?" nikasema.

Akanionyesha picha ya usiku uliopita. Nilitarajia nyota. Ilikuwa nyeupe kama uji umemwagika.

"Hii ni taa yako, bibi."

Akaniambia na lililo zito. Vile vifaa alikuwa ameazimwa. Mwisho wake ulikuwa mvua za vuli, kwa sababu zikianza, mawingu yanakaa mlimani na jicho halina kazi. Kabla ya hapo ilikuwa lazima vifaa vyote viwili vikamate jambo moja, walau mara moja. Visipokamata, vitafungashwa vipelekwe nchi nyingine, yeye aanze utafiti mwingine kutoka mwanzo, na mwalimu wake ataandika kwamba eneo la Same halifai.

"Ataandika nini?"

"Kwamba Same haifai kwa kazi hii."

"Huyo mwalimu ameshawahi kufika Same?"

"Alipita na basi."

Usiku ule sikulala vizuri. Lakini taa sikuzima. Mjukuu alinipa njia ya kati: tusizime, tuivalishe kofia ya bati, mwanga uende chini tu. Nilimjibu kwa ukali. Taa yangu ivae kofia kama mlinzi wa benki? Mtu aliye Same mjini ataonaje kwamba huku juu kuna watu?

Aliniacha. Ana akili huyu mtoto, hakubishana. Asubuhi akasema tu, "Bibi, nashuka kwenye dishi. Twende, utamsalimia rafiki yako."

Rafiki yangu huyo ni mama wa Kimaasai, mfugaji, ambaye boma lake liko kule tambarare. Tulifahamiana wote tukiwa wasichana, mimi nikisubiri lori na samaki wangu, yeye akiuza maziwa stendi. Alikuwa ananipa maziwa nikilala njaa. Samaki wangu hakuwahi kuwala, mpaka leo anasema ni nyoka wa majini. Mjukuu alipotafuta mahali pa dishi nilimpeleka kwake, na aliposikia ni mtoto wa kwangu hakuuliza maswali.

Tulimkuta anawafukuza ng'ombe kwa fimbo.

"Mama Samaki!" akaita kabla hatujafika. "Umeniletea harufu?"

"Harufu iliisha zamani, mwanamke wewe."

"Haijaisha. Ona ng'ombe wanavyogeuza pua."

Mjukuu akamwamkia, rafiki yangu akaitika, akamuuliza, "Sufuria yako ng'ombe wameitikisa tena jana?" Dishi alikuwa analiita sufuria. Ng'ombe walikuwa wameligundua. Nguzo ya chuma, imesimama peke yake uwandani, haina miiba: kwa ng'ombe mwenye kuwashwa mgongo hakuna kitu kitamu kama hicho. Kila akijikuna, dishi linatikisika, sikio linasikia vitu visivyokuwepo.

"Ng'ombe akijikuna, nyota zangu zinahama," mjukuu akasema.

"Ng'ombe akiwashwa atajikuna hata kwenye mguu wa malaika," rafiki yangu akamjibu. "Lakini ameshakoma. Tazama."

Tukatazama. Alikuwa amezungushia dishi lote ua wa miiba, mzuri, mnene, kama wa kuzuia simba. Na zizi la ndama, ambalo nakumbuka lilikuwa pale pale tangu nimjue, lilikuwa limehamia ng'ambo ya boma.

"Umehamisha zizi?" nikamuuliza.

"Ndama wanapiga kelele, wanavuta mama zao. Nimehamisha."

"Kwa ajili ya sufuria?"

"Kwa ajili ya mtoto wako." Akaegemea fimbo yake. "Mimi nimehamisha zizi. Wewe umehamisha nini?"

Nikajifanya nakagua miiba ya ua.

Gari lilichelewa kuja kutuchukua, jua likazama tukiwa bado kwake. Giza lilipoanza kuingia, kule juu mlimani kitu kikawaka. Ilikuwa taa yangu. Sikuwahi kuiona kutoka chini kule. Moyo ulinipasuka kwa raha, sisemi uongo.

"Nzuri, eh?" nikasema.

"Inaonekana," akajibu. "Zamani pale pale ilipo ndipo tulipokuwa tunatazamia Kilimia, lile kundi la nyota, kikitokea juu ya mlima, tujue mvua iko njiani. Siku hizi sijui kinatoka lini. Nikitazama pale naona wewe tu."

"Giza baya. Nilitaka kufa kwenye giza mimi."

"Wewe? Wewe ulikuwa unapanda mlima ule gizani na tenga kichwani, unaimba nyimbo za kanisani, tunakusikia mpaka huku. Leo una nyumba, una mashine, una meno ya kununua, ndiyo unaogopa giza?"

Mjukuu aligeukia pembeni akijifanya anaangalia nyaya. Mabega yalikuwa yanacheka.

Njiani kurudi nikamwambia, "Nitazima. Lakini taa yangu siyo peke yake. Walioniiga ni wengi." Ilikuwa kweli. Baada yangu, mwenye duka la dawa aliweka, mwenye baa aliweka mbili, hata fundi cherehani aliweka, sijui anamulika nini. Nikamwambia aniachie hilo, naijua dawa yake.

Dawa yenyewe ni msaragambo. Kwetu hiyo ndiyo kazi ya kijiji: kusafisha mfereji, kuziba ndiva, kutengeneza barabara ikikatika. Pembe inapulizwa, kila nyumba inatoa mtu. Nyumba isiyotoa mtu inatozwa faini, na aibu yake ni kubwa kuliko faini. Nikamwendea mwenyekiti wa kitongoji.

"Msaragambo wa kuzima taa?" akasema.

"Ndiyo."

"Watachimba wapi?"

"Hawachimbi."

"Watabeba nini?"

"Hawabebi. Watazima taa, basi."

Alijikuna kidevu. "Bibi, sijawahi kuitisha msaragambo wa namna hiyo."

"Kwani nani amewahi? Puliza pembe jua likizama, waambie kila mtu azime."

Jioni iliyopangwa, mbingu ilikuwa safi, haina hata uzi wa wingu. Nilizima taa yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Mjukuu alikuwa tayari kwenye darubini, dishi limegeuzwa kwenye nyota yake, kila kitu kimeitika. Mwenyekiti, amesimama pale pale kwenye mlango wa mashine, akapuliza pembe.

Nikasikia pikipiki. Halafu nyingine. Halafu nikaona mwanga unashuka kutoka kwenye njia ya juu, mwingine unapanda kutoka bondeni, mwingine unatokea kanisani. Tochi, taa za chemli, simu. Kijiji kizima kilikuwa kinakuja kwangu. Wengine na majembe, kwa mazoea tu. Mwenye baa alikuja na taa moja ya baa mkononi, ameing'oa na waya wake, ndiyo ushahidi kwamba ameizima.

"Tumefika, bibi," akasema mzee mmoja akinimulika usoni. "Tuzime wapi?"

"Kwenu! Mzime kwenu!"

"Sasa mbona pembe imelia huku?"

"Na jina langu liandikwe," akasema mama mwingine nyuma, "nisije kutozwa faini kesho mkasema sikuonekana."

"Utaonekanaje na sisi tunataka giza?" nikafoka.

"Ndiyo maana nimekuja na tochi," akasema.

Kosa lilikuwa langu na la mwenyekiti, na hakuna Mpare ambaye asingelifanya. Pembe ikilia unakwenda. Hakuna namna ya kuitikia pembe ukiwa umekaa kwako. Tulikuwa tumewaomba watu giza, tukawaita kwa kitu kinachowatoa nje na taa zao zote. Mlima wetu haujawahi kung'aa vile hata siku ya mkesha wa Krismasi. Mjukuu alifunika darubini yake kwa kanga, akakaa juu ya sanduku. Nilidhani analia. Nilipomsogelea alikuwa anacheka mpaka machozi, halafu katikati ya kicheko yakawa machozi ya kweli, kwa sababu jioni safi kama ile zilikuwa zimebaki chache.

Niliwatazama watu wangu wamesimama na majembe yao hawana la kufanya, wamechukia kidogo. Nikaona tatizo. Msaragambo lazima mikono ipate kazi. Huwezi kumpa mtu kazi ya kutofanya kitu, atakaa nayo muda gani? Nikamgeukia mjukuu.

"Ile kofia yako inatengenezwaje?"

Akafuta macho. "Bati tu, bibi. Limeinama, limefunika juu na pembeni. Mwanga ushuke chini."

"Debe la mafuta linafaa?"

"Linafaa sana."

Nikapanda kwenye ngazi ya mashine. Sauti ninayo, nimeuza samaki mimi. Nikawaambia waende kwao wakalale, kesho mchana msaragambo ni hapa hapa, kila nyumba ilete debe tupu, atakayekuwa na mkasi wa bati aje nao, na asiye na debe alete mikono. Faini ni ile ile.

"Na taa ya bibi nayo itavaa?" akauliza mwenye baa. Anapenda kunichokoza.

"Itaanza yangu."

Kesho yake ilikuwa kelele tupu. Watu walikata, wakagonga, wakajikata vidole, wakachekana. Mjukuu alichora mfano mmoja chini kwa kijiti, akatembea akiwasahihisha: hii imefunika kidogo, hii imezidi, hii ni kikaango siyo kofia. Fundi cherehani alitengeneza ya kwake na ukingo kama wa kofia ya bibi harusi. Ya kwangu niliikata mwenyewe. Haikuwa nzuri. Mjukuu aliniambia hivyo, nikairudia.

Jioni ile niliwasha taa yangu ikiwa na kofia, nikatembea kushuka njia ya korongo nijionee. Nilikutana na mama mmoja anapanda, ana ndizi kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unaona njia?"

"Leo naiona. Zamani taa yako ilikuwa inanipiga machoni, mpaka pale kwenye kona naweka kiganja usoni, napapasa kwa mguu."

Nilisimama. "Mbona hukuniambia?"

"Nani akuambie wewe?" akasema, akapita.

Nilikaa juu ya jiwe, nikatazama njia yangu. Mwanga ulikuwa umelala chini kama mkeka, kila jiwe linaonekana, na mzizi wangu ule bado upo. Halafu nikainua uso. Nilikuwa nimesahau nyota ni nyingi namna ile.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kungoja. Mawingu yalianza kuchungulia kutoka upande wa mashariki. Jioni moja safi, mbili chafu. Mjukuu akawa anakula amesimama. Mwalimu wake alikuwa anapiga simu, na akimaliza kuongea naye anatoka nje kutazama mawingu. Gari la kuja kuchukua masanduku lilikuwa limeshapangwa. Sikuwa na la kumsaidia, nilipika tu. Nikamwambia, "Nyota yako hiyo haina adabu. Si ifoke basi." Akasema, "Bibi, haijui kama tunaisubiri."

Asubuhi moja nilikuwa nachambua maharage mlangoni. Akatoka chumba cha nyuma na kompyuta imefunguliwa, nywele zimesimama, miguu peku. Akaiweka juu ya ungo wangu, juu ya maharage.

"Bibi, tazama, usiseme kitu."

Kulikuwa na mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Yote miwili ilikwenda sawasawa, tambarare, kama barabara ya kwenda Kwakoa. Halafu wa juu ukapanda ghafla kama mlima wetu unavyosimama kutoka tambarare, ukashuka polepole. Na wa chini ukapanda vilevile.

"Wa juu ni jicho," akasema kwa sauti ndogo. "Wa chini ni sikio. Jana jioni, saa mbili na kitu."

Nilitazama sana. Mimi si mtu wa kudanganywa sokoni. "Huu wa chini siyo mashine yangu?"

"Mashine ilikuwa imezimwa."

"Siyo ng'ombe?"

Tukampigia rafiki yangu simu, nikaweka spika.

"Jana jioni ng'ombe walikuwa wapi?" nikauliza.

"Zizini. Kwani wameiba nini?"

"Hakuna aliyejikuna kwenye sufuria?"

"Nimekwambia kuna miiba! Aliyejikuna ni mimi, na ni ndani ya nyumba yangu. Kuna nini?"

"Nyota imefoka," nikamwambia. "Sufuria yako imeisikia, na huku tumeiona."

Akapiga kigelegele ambacho simu yangu haikukiweza, ikakwaruza.

Mjukuu aliniambia mwanga ule na mawimbi yale viliondoka kwenye nyota yake wakati yeye bado anasoma sekondari, vikasafiri njia moja mpaka huku. Sikio lilikuwa limechelewa kidogo nyuma ya jicho, na akasema huko kuchelewa ndiko kutakakompa kazi ya miaka, kwa sababu kunasimulia kinachotokea nyota inapofoka. Nilimsikiliza, nikamwambia avae viatu.

Mwalimu wake hakuamini mara moja, na sikumlaumu, hata mimi niliuliza habari za ng'ombe. Alitumiwa kila kitu, akakagua, akawapa na wenzake wakague. Mvua ilikuwa imeshaanza kudondoka kwenye mabati siku alipopiga simu. Mjukuu alisikiliza, akasema "ndiyo mwalimu" mara nyingi, akakata, akaingia jikoni akanikumbatia nikiwa na mwiko mkononi. Gari la masanduku lilikuwa limefutwa. Vifaa vinabaki kwa msimu mwingine, na mwalimu mwenyewe atakuja kupaona.

"Amesema Same inafaa?"

"Amesema inafaa, bibi."

"Aandike."

Akija nitampa makande, na atashuka kwa miguu mpaka kwenye lile jiwe, aone kinachofaa.

Sitasema kwamba sikupoteza kitu. Mwezi uliopita nilirudi kutoka Same na basi dogo la jioni. Abiria mmoja alimuuliza konda kile kijiji cha juu ni wapi, na konda akanyoosha kidole gizani akasema, "Kipo pale, lakini usiku hukioni." Nilitaka kumwambia kipo, na watu wake wapo, na bibi wa mashine yupo amekaa nyuma yako. Iliniuma mpaka tulipoanza kupanda.

Sasa hivi mvua zimepita. Darubini imefunuliwa tena nyuma ya mashine, na kule chini rafiki yangu ametengeneza upya ua wake wa miiba. Jana mjukuu alinionyesha picha za mwanzo za msimu huu. Nyeusi safi, nyota zimemwagika kila mahali, isipokuwa kona moja ya chini ambako kuna weupe kidogo. Nikamuuliza huo ni nini. Akasita, akasema siyo tatizo kubwa.

Mimi najua ni nini. Ni kile kijiji cha ng'ambo ya bonde. Wameweka taa tatu kwenye ghala lao la tangawizi, zinatazama juu kama vifaranga vinavyosubiri kulishwa. Mwenyekiti wa kule nilimuuzia samaki, ananijua. Kesho nitapanda kwake asubuhi. Madebe ninayo, na mkasi wa bati nimeshaunoa.